Kifungo cha Kumi

Kwa miaka kumi na moja nimeishi na mke mwenza nyuma ya nyumba. Hana vioo, hana taa, milango yake yote miwili imechomelewa, na ukitaka kuingia ndani unapitia dirishani kama mwizi. Alichonacho ni usukani, injini yenye kikohozi, kiti kimoja nilichokishona mimi mwenyewe, na namba 27 ubavuni, iliyoandikwa kwa rangi iliyobaki tulipopaka jikoni. Mume wangu humwita gari. Mimi humwita kwa cheo chake.

Miaka miwili ya mwanzo nilinuna. Niliwaambia wifi zangu kwamba kaka yao amepungukiwa, mtu mzima, fundi friji anayeheshimika, anapoteza Jumapili yake kuzunguka shimo. Na sikuwa nasingizia, maana uwanja wetu ni shimo kweli. Zamani kiwanda cha matofali kilichimba udongo pale, kikachimba mpaka kikafilisika, kikaacha bakuli pana lenye sakafu ngumu na kingo za kukalia. Siku moja mtu akashusha gari lake bovu humo, akazunguka. Mwingine akamwona, naye akaenda kutafuta bovu lake.

Sharti la shimoni ni moja tu: gari lisiwe na kitu kipya isipokuwa breki na mkanda. Ukionekana na tairi linalong'aa unarudishwa nyumbani, na utataniwa mwezi mzima. Kwa hiyo fundi friji, muuza nyama, msusi na nesi wa zamu wanashindana chakavu kwa chakavu, na hakuna wa kumzidi mwenzake ila kwa mkono na moyo. Muuza nyama ameandika nyuma ya gari lake, "Haraka haraka haina baraka". Huwa wa mwisho kila wiki, na watu husema angalau yeye anafuata anachohubiri.

Jumapili ya kwanza niliyokubali kwenda, nilibeba kazi ya mkono ili nisitazame. Mimi ni fundi cherehani, nashona vitambaa vya viti na makochi, na siku hiyo nilikuwa na mto wa kumalizia. Sauti ilianza kifuani kabla ya kufika masikioni. Kisha vumbi likapanda, jekundu, likasimama juu ya shimo, na jua la saa tisa likapita katikati yake. Magari yakaingia humo na kutoka, yakaingia na kutoka, na baada ya mzunguko wa tatu sikujua tena nani anamfukuza nani. Watu waliokuja wakipiga kelele walikuwa wamenyamaza. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa akiyumba taratibu bila kujijua, na mtoto amelala fofofo katikati ya ngurumo ile.

Ndipo nilipoelewa, au tuseme ndipo niliposhindwa kuendelea kununa. Wiki nzima tunaulizwa umefika wapi, umemaliza nini, kwa nini umechelewa. Mume wangu hulala kifudifudi sakafuni kwa watu, mkono nyuma ya friji, huku mwenye nyumba amesimama juu yake akimwambia maziwa yataganda. Shimoni mtu anakwenda kwa nguvu zake zote na kurudi palepale alipoanzia, na watu wanampigia makofi. Hafiki popote, na hakuna anayetaka afike. Nilipoangalia mapajani mwangu nilikuta sijapiga hata mshono mmoja, na uzi umejizungusha kwenye kidole changu.

Kuhesabu nilipewa kwa bahati mbaya. Mwanzoni mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alikuwa akihesabu mizunguko kwa chaki ubaoni, mpaka siku mvua ilipofuta ubao. Muuza nyama akaapa ni mizunguko tisa, msusi akaapa ni kumi na moja, wakakaribia kushikana mashati. Nikasema, kwa kuchoshwa tu na kelele, kwamba mimi nina vifungo. Nilikuwa na vifungo kumi vya koti mfukoni mwa aproni. Gari la mbele likipita, nahamisha kimoja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Cha kumi kikihama, nainua kitambaa cha njano, kipande cha pazia letu la zamani la chumbani, na mashindano yamekwisha.

Mwalimu alifurahi sana. Alichukua brashi akaandika kwenye tangi kuukuu la maji lililo kando ya mstari, kwa herufi kubwa: KITAMBAA HAKIKOSEI. Tangu siku hiyo hakuna anayebisha. Nikikuta madereva wamejazana pale mstarini, mwalimu huwaambia, "Mpisheni shemeji, anakuja kuwahukumu vifungo."

Kwenye tangi hilohilo huandikwa namba za washindi, kila Jumapili namba moja, mstari chini ya mstari. Msusi, ambaye gari lake ni namba 8, ameandikwa mara nyingi hata amechoka kuhesabu. Hata muuza nyama yumo, siku ambayo wenzake wote walikwama kwenye tope. Namba 27 haikuwamo. Mume wangu alikuwa ameshika nafasi ya pili mara nyingi mno hata jina lake limesahauliwa, wanamwita Wapili. Akiitwa hivyo hucheka na kusema asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini mimi ndiye ninayelala naye. Namjua anavyoliangalia tangi lile kila tunapoondoka, kama mtu mwenye njaa anavyoangalia sufuria ya jirani.

Sasa nieleze habari ya sindano. Tangu nilipoanza kuvaa miwani, mume wangu ndiye hunitungia uzi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini hukaa kwenye ukingo wa meza yangu na kutunga sindano kumi na mbili, kisha huzichoma kwenye kile kimto changu cha sindano, za uzi mweupe upande huu, za mweusi upande ule, zinitoshe mpaka jioni. Hatujawahi kuambiana kwamba hayo ni mapenzi. Ni sindano tu.

Asubuhi moja nilichomoa ya kwanza, nikaivuta, uzi ukabaki. Haukuwa umepita kwenye tundu. Ulikuwa umezungushwa shingoni mwa sindano na kufungwa fundo dogo, vizuri kabisa. Nikachomoa ya pili, ya tatu. Kumi na mbili zote. Nilikaa nazo mkononi muda mrefu. Kisha nikavaa miwani yangu, nikazifungua moja moja, nikazitunga mwenyewe huku nikitoa ulimi kama mtoto, na jioni aliporudi nikamwambia ahsante kwa sindano. Nilifanya hivyo wiki tatu. Watu husema macho hayana pazia, lakini ya mume wangu yalikuwa yameanza kulishusha, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuwa wa kwanza kulitaja.

Akalitaja mwenyewe, aliporudi kutoka hospitali ya macho alikokwenda bila kuniaga.

"Ni la kushoto," alisema akivua viatu. "Linaliwa kutoka pembeni. Wamenipa dawa ya matone. Na wamesema niache usukani."

"Na la kulia?"

"La kulia zima," akajibu, upesi.

Tuligombana siku mbili. Nilitumia maneno yote niliyokuwa nayo na mengine nikaazima kwa wifi zangu. Mwishoni tukakubaliana Jumapili moja tu, ya kuaga, kisha mke mwenza afunikwe turubai. Ningeweza kusema hapana, najua hilo. Lakini nililiona tangi lile kichwani, mistari na mistari ya namba, na mahali ambapo 27 haipo, na nikashindwa. Nilitaka ashinde. Nasema wazi: nilitaka ashinde kuliko nilivyotaka awe na akili.

Jumapili ile muuza nyama alituvuta kwa kamba mpaka shimoni kama kawaida. Mume wangu aliingia dirishani, miguu kwanza, nikamfunga mkanda niliomshonea. Akanishika mkono kabla sijautoa.

"Utasimama palepale?"

"Nimewahi kusimama wapi kwingine?"

"Karibu na tangi."

"Karibu na tangi, mzee."

"Kitambaa kishike kifuani," alisema. "Usikikunje. Kionekane."

Nilidhani ni wasiwasi wa mtu anayeaga. Nikakitandaza kifuani kama bibi harusi aliyekosa shela, akacheka, nikaenda mahali pangu.

Yaliondoka magari tisa. Msusi mbele, mume wangu nyuma yake, kama ilivyoandikwa mbinguni. Kifungo cha kwanza, cha pili. Vumbi likapanda na lile jua la saa tisa likaja kukaa ndani yake, na watu kando ya shimo wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Kifungo cha tano. Siku zote katikati ya mashindano hunijia hali kama usingizi wa mchana, ule ambao unasikia kila kitu chumbani lakini huwezi kuinua kidole. Nilikuwa nimefika humo. Mkono wangu ulihama wenyewe kutoka mfuko huu kwenda ule.

Katika mzunguko wa nane msusi alipanua kona, tairi zake za nyuma zikaingia kwenye udongo laini, akayumba. Lilipotoka gari la kwanza kwenye vumbi, lilikuwa na namba 27.

Miaka kumi na moja sikuwahi kuuona uso wa mke mwenza bila mtu mbele yake. Ulikuwa uso mdogo, wa kawaida, na nilijikuta nampenda. Akapita. Kifungo cha nane. Nikasikia mwalimu nyuma yangu akinong'ona, "Wapili leo anavunja mwiko." Akapita tena. Kifungo cha tisa. Tulipooana mume wangu alikuwa na baiskeli, na siku moja alinipakia mbele, akanizungusha uwanja wa shule mpaka jua likazama, kwa sababu hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kusema twende nyumbani. Nilikuwa nafikiria hilo. Kifungo cha kumi kilikuwa tayari kati ya vidole vyangu, kimepata joto.

Akatokea kwenye vumbi. Nilimwona dirishani, mahali ambapo kioo kingekuwa, uso umegeukia upande wangu na kinywa kiko wazi. Nikasema moyoni, anatabasamu. Mume wangu yuko mbele ya watu wote na anatabasamu, na mimi nikiinua mkono huu tabasamu litazimika. Atatoka kwenye dirisha lile na hataingia tena. Kesho ataanza kuwa mzee.

Watu waliniuliza baadaye kama nilisinzia, kwa kuwa nilikuwa na sura hiyo. Hapana. Nilijua ni cha kumi. Nilikirudisha kifungo mfuko wa kushoto, nikakiacha kitambaa kifuani, na mume wangu akapita mbele yangu kwenda mzunguko wa kumi na moja. Hakuna aliyesema kitu. Kwenye ndoto za shimoni hakuna anayehesabu, ndiyo maana niliwekwa mimi.

Upande wa mbali, penye kona ndefu, niliona 27 inapunguza mwendo. Msusi akaja kushoto kwake, akampita kwa urahisi, kama mtu anayefunguliwa mlango. Mume wangu akajibana nyuma yake, karibu sana, ungedhani anavutwa kwa kamba. Hivyo ndivyo walivyofika mstarini, 8 kisha 27. Nikahamisha kifungo, nikainua kitambaa.

Nilipoona mwalimu anachovya brashi kwenye rangi ili aandike 8, nilitoka mahali pangu. Nilikwenda kusema. Naapa nilikuwa nimeshafungua kinywa. Mume wangu alikuwa ametoka dirishani, mwekundu wa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu, amekalia kizingiti cha dirisha lake, na akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kitambaa hakikosei." Wakampigia makofi. Msusi akamwamkia kwa heshima, akamwambia, "Shikamoo, Wapili, leo ulinitoa jasho."

Nyumbani gari lilisukumwa mahali pake nyuma ya nyumba na muuza nyama akaenda zake. Mume wangu alirudi ndani ya gari, akakaa kwenye kile kiti nilichokishona. Mimi nilisimama nje, viwiko kwenye dirisha. Kulikuwa na mwanga bado, ule wa manjano wa kabla ya magharibi.

"Ulihesabu ngapi?" akaniuliza.

"Kumi."

"Mwenzangu."

"Kumi na moja," nikasema, na machozi yakaja. "Nilidhani nakupa zawadi. Ulikuwa mbele. Nilitaka uongezewe kidogo."

Alipapasa usukani kama anautafutia mwanzo wake.

"Ni yote mawili," alisema.

"Yote mawili nini?"

"Macho. La kulia nalo. Nilikudanganya." Hakuniangalia. "Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Miezi minne sasa namfuata msusi. Ana doa la rangi nyekundu kwenye buti la gari, pale alipogongwa. Nalishika lile doa, linanizungusha mpaka mwisho. Leo aliponiachia njia, sikuwa na doa. Nilikuwa na vumbi tu. Nikaenda kwa tumbo: kona, kona, tangi. Kila nikipita tangi nakiona kitambaa chako, najua bado niko barabarani. Cha nane, cha tisa. Cha kumi nikasema sasa atainua, nitakanyaga breki, nitakuwa salama."

"Ulikuwa unatabasamu," nilisema.

"Nilikuwa nakuita."

Sijui nilisimama pale muda gani. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumshika, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi nilifanya yote mawili. Nilimpiga begani kwa ngumi, kweli kweli, nikamwita mwongo na muuaji, nikamuuliza angemgonga nesi yule mwenye watoto watatu angewaambia nini. Alisema ndiyo maana alimsikiliza msusi anapokuja, akampisha. Kisha nikakishika kichwa chake chenye vumbi, nikakibana kifuani hapohapo kilipokuwa kitambaa.

"Kwenye kumi ulikuwa umeshinda," nilimwambia baadaye. "Nitamwambia mwalimu. Ataandika."

"Usithubutu. Ukikikosoa kitambaa leo, Jumapili ijayo muuza nyama atakuja kudai ameshinda yote tangu ya kwanza." Alicheka kidogo, akaacha. "Na mimi sikushinda. Mtu aliyeshinda angeona."

Gari likafunikwa turubai. Jumapili tatu hatukwenda. Wakatafuta mtu mwingine wa kuhesabu, na tukasikia walikesha wiki nzima wakibishana. Mume wangu aliendelea na friji zake, kwa kuwa friji, alisema, tangu zamani huzitengeneza kwa kusikiliza. Lakini saa tisa ya Jumapili ikifika alikuwa anakaa kwenye ukingo wa meza yangu na mikono yake haijui iende wapi. Kimto cha sindano kilikuwa mbele yake. Hakukigusa. Ngurumo ilitufikia kutoka mbali, ndogo kama nzi kwenye chupa, na alikuwa akiinamisha kichwa kuisikiliza.

"Huyo ni nesi," alisema mara moja, bila kuulizwa. "Bado hajabadilisha plagi. Huyo msusi. Anapita sasa." Akangoja mzunguko uishe. "Anapita tena."

Nilisimamisha cherehani.

Jumapili ya nne nilimshika mkono, tukateremka mpaka shimoni. Nilimsimamisha karibu na tangi, nikamfunga aproni yangu kiunoni, na muuza nyama akasema sasa amemwona mke halali wa nyumba ile. Hata mwalimu alicheka. Nikavitia vifungo kumi kwenye mfuko wa kushoto wa mume wangu, na yeye akavichezea kwa vidole, akavihesabu, akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikabaki na kitambaa.

Magari yakaondoka. Vumbi likapanda. Yeye alifumba macho kabisa, kwa kuwa hayakuwa na kazi pale, na kila gari la mbele lilipotupita nilisikia kifungo kikigonga vifungo vingine kwenye mfuko wa kulia. Watu walikuwa wamenyamaza. Ile hali ya usingizi wa mchana ilikuja ikanichukua, kama inavyonichukua siku zote, na nilisahau ni kifungo cha ngapi tulichofika. Jua lilikuwa ndani ya vumbi. Gari lilikuwa linatoka kwenye kona, sikuona hata ni la nani, na mkono wangu ulikuwa umelala kifuani, hautaki kuinuka.

Akanigusa kiwiko.

"Sasa," alisema mume wangu, na nikainua.